Breki ya Cherehani

Mzee Breki aliendesha basi maisha yake yote bila kumkwaruza hata kuku, na jina hilo alipewa na abiria waliochoka kuchelewa. Sasa amestaafu, yuko nyumbani na mkewe, fundi wa nguo, na kilichomkosesha raha ni mota ya cherehani. Kanyagio lake lilikuwa limeharibika. Ukiligusa tu, sindano inatimua mbio kama inafukuzwa na mbwa.

“Baba, kesho binti yetu anaolewa,” mkewe akamwambia. “Hii mashine ikilitafuna gauni lake, utamvalisha shuka.”

Mzee akajikuna kichwa. Akavuta waya, akaupitisha umeme wa mota kwenye balbu ya sebuleni kwanza, ili ufike chumbani kwa mkewe ukiwa umeshachoka. Weee! Sindano ikatulia, ikatembea kwa adabu, na pindo likanyooka.

“Leo umeniweza, dereva wangu!” mkewe akacheka.

Mzee akavimba kichwa, na jioni ilipoingia akaketi sebuleni chini ya balbu ile na gazeti lake. Mara giza likamfunika. Kumbe mkewe alikuwa ameinua mguu apange kitambaa, na mota ikisimama, balbu nayo inazimika.

“Mama, shona basi! Niko katikati ya habari!”

“Sishoni mpaka nipate chai.”

Mzee akapapasa ukuta kwenda jikoni, akajigonga kwenye stuli. Gauni lilikamilika jioni ileile, likapendeza. Gazeti ndilo halikuisha, maana kila ukurasa ulipofunguliwa, mkewe, bibi harusi mstaafu kule chumbani, alishikwa na kiu.