Fulana ya "Mama Amepona"

Siku mama mdogo alipoanguka uwanjani, alikuwa amevaa fulana yenye sura ya mama yangu.

Sura kubwa, inacheka, meno yote nje. Chini yake maandishi mekundu: MAMA AMEPONA.

Na mama mwenyewe alikuwa amesimama palepale, mzima wa afya, amevaa fulana ileile yenye sura yake mwenyewe. Anamwangalia mdogo wake aliyelala chini na mdomo uliokwenda upande.

Msinikimbize. Nitaeleza ilivyokuwa, na mkimaliza mtajua kwa nini mpaka leo nikisikia filimbi, nageuka kuangalia nani ameanguka.

Nina kaka mmoja, mkubwa wangu. Kazi yake ni kutengeneza friji, na kwenye friji simkosoi, mkono wake mzuri. Shida ilianza alipopunguza kitambi.

Watu wengine wakipunguza kitambi wananunua suruali mpya, maisha yanaendelea. Kaka yangu alipopunguza kitambi akawa daktari.

Alikwenda kwenye semina ya mazoezi, ya mwisho wa wiki moja tu, ukumbi wa kukodi, akarudi na cheti, spika ya kuning'iniza begani yenye kipaza sauti chake, na filimbi. Filimbi hiyo haikutoka shingoni tena. Anakula nayo. Anakwenda nayo msibani. Mimi moyoni nikambatiza Daktari Filimbi.

Akaanzisha kikundi. Kila Jumamosi asubuhi, uwanja wa shule, wamama wa mtaa wamejipanga mistari, yeye mbele anawamwagia sera. Sukari ni adui. Kiti ni adui. Hospitali nayo ikawa adui.

Mngemsikia. Mtu aliyekuwa anahema akifunga kamba za viatu, sasa anatufundisha moyo unavyofanya kazi.

Mama yangu ana presha kwa miaka mingi. Alikuwa anameza kidonge chake kila asubuhi, anaendelea na shughuli zake, hana kelele na mtu. Daktari Filimbi akaona hapo pana kazi.

"Mama, hivi vidonge ndivyo vinavyokumaliza," akamwambia tukiwa sebuleni. "Mwili una dawa yake wenyewe."

"Hospitali walisema nisiache."

"Wao wanataka uugue uzeeni mpaka kaburini. Mimi ni mwanao. Unamwamini nani?"

Hebu niambieni, mama anajibu nini hapo?

Kaka akachukua pakiti ya vidonge, akaenda nayo chooni, akamwaga vyote huku anajirekodi kwa simu. Mama amesimama mlangoni, ameshika kitasa.

"Sema kitu, mama."

"Niseme nini?"

"Sema umekuwa huru."

"Nimekuwa huru," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

Baada ya hapo ikaja juisi. Ya kijani, nzito, inanuka uwanja uliofyekwa. Kaka anaisaga mwenyewe alfajiri, anamletea mama glasi nzima. Mama anaipokea vizuri tu, anasema, "Acha nikainywe chumbani nimetulia." Anafunga mlango. Akitoka, glasi tupu.

"Unaona nidhamu hiyo?" kaka ananiambia. "Wewe ungeshaimwaga."

Kweli ningeimwaga.

Wiki zikapita. Jumamosi moja kaka akaja uwanjani na mashine ya kupimia presha. Akamkalisha mama kwenye kiti mbele ya kikundi kizima, akamfunga ule mkanda mkononi, akasoma namba kwenye spika. Nzuri. Jumamosi iliyofuata, nzuri. Nyingine, nzuri kuliko zote.

Makofi. Vigelegele. Kaka anapuliza filimbi kama refa wa fainali.

Ndipo zikatengenezwa zile fulana. Aliyezishona, tena bure, ni mama mdogo.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, wamefuatana. Fundi cherehani. Ana chumba chake kando ya saluni yangu ninakosukia watu, ukuta mmoja tu unatutenganisha, na kicheko chake kinaupita ukuta huo. Ni mtu ambaye akikuambia nguo yako iko tayari, ujue iko tayari, imepigwa pasi, imetundikwa. Hajui kuzungusha mtu. Na yeye ana presha pia, hiyohiyo ya kwao.

Siku moja akaingia saluni, akakaa kwenye kiti cha mteja.

"Mwanangu, nimeacha dawa."

Nikasimamisha kitana hewani. "Umemuuliza daktari?"

"Nimemuuliza dada yangu. Nimemuuliza uso kwa uso, dada, kweli umeacha? Akaniambia, si unaniona."

"Hilo ni jibu?"

"Mimi namwona. Wewe humwoni?"

Nilimwona. Na zile namba nilikuwa nazisikia kwa masikio yangu.

Haikupita muda mama mdogo akaanza kuumwa kichwa. Anashona akifika katikati anasimama, anashika paji la uso. Kaka akampima. Namba ziko juu. Mtu mwenye akili timamu angeogopa. Daktari Filimbi alitabasamu.

"Lazima zipande kwanza ndipo zishuke. Hiyo ni sumu inatoka."

Nikamfuata karakanani kwake, amechutama nyuma ya friji la mtu.

"Mteja akikuletea friji linatoa moshi," nikamwambia, "unamwambia lazima liungue kwanza ndipo ligandishe?"

"Wewe suka nywele," akanijibu, hata hakugeuka.

Ijumaa mama mdogo akaniambia macho yanaona ukungu. Nikamwambia twende hospitali. Akasema Jumamosi ni siku yake ya kupimwa mbele ya watu, hawezi kumwangusha mtoto wa dada yake. Nikaapa nitakwenda uwanjani, na nikimwona anapepesuka namburuta mwenyewe, filimbi au bila filimbi.

Nikafika wameshaanza. Wanachuchumaa na kuinuka. Mama mdogo yuko mstari wa pili, jasho linamtiririka, mkono wa kushoto unaning'inia tu.

"Kaka, anaumwa."

"Haumwi. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa." Akaweka kipaza sauti mdomoni. "Mama mdogo, vuta pumzi. Shuka."

Akapuliza filimbi.

Mama mdogo akashuka. Hakuinuka.

Sitaeleza sana ya njiani. Jirani mwenye gari alitubeba. Mama amekaa nyuma, kichwa cha mdogo wake kiko mapajani, midomo inacheza bila sauti. Kaka mbele, ameshika filimbi kwa mikono miwili.

Hospitali walimpokea haraka. Baada ya muda daktari akatoka, mwanamke mdogo kwa umri, anaonekana hajalala. Akatuambia ni kiharusi. Damu imezibwa njia kichwani. Akasema tumewahi, ataishi, mengine tutayaona.

"Alikuwa anatumia dawa ya presha?"

"Aliacha," nikasema.

"Nani alimwambia aache?"

Kaka akaangalia feni ya darini. Mwanaume aliyekuwa na jibu la kila kitu, kuanzia chumvi mpaka usingizi, akawa anachunguza feni.

Daktari akaangalia fulana ya mama. Akaangalia uso wa mama. Akarudi kwenye fulana.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na wewe uliacha?"

Mama akafungua mkoba. Nilidhani anatafuta leso. Akatoa pakiti ya vidonge, nusu imeshatumika, akaiweka juu ya meza ya wauguzi.

"Sijaacha hata siku moja," akasema. "Nilikwenda kuchukua vingine, namezea ile juisi."

Wenzangu, niliichukua ile pakiti nikahesabu vidonge vilivyobaki.

Kumbe ndiyo nidhamu ya kufunga mlango. Mwanawe anasaga majani alfajiri, mama anateremshia kidonge kwa majani hayohayo, halafu Jumamosi spika inasifia majani.

"Mama?" kaka akasema, sauti ndogo.

"Ulikuwa na furaha, mwanangu. Sijakuona na furaha hivyo tangu uwe mtu mzima. Nikaona nikisema nitakuvunja."

"Na mdogo wako alipokuuliza?" nikamuuliza mimi.

Mama akafunika sura yake ile ya kwenye fulana kwa mkoba, akaanza kulia.

Nitasema ukweli, hapo nilimkasirikia mama kuliko kaka. Kaka alikuwa hajui na anajiona anajua, hao tumewazoea, mtaa umejaa. Mama alijua. Alijua, akapigiwa makofi, akanyamaza.

Mnadhani Daktari Filimbi alijifunza? Siku chache baadaye akaja nyumbani, akakaa, akakunja mikono.

"Nimefikiria sana. Inaonekana juisi inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa pamoja na dawa."

Nilicheka.

"Kwa hiyo Jumamosi unawaambia wale wamama ukweli?"

"Nitawaambia mama mdogo alikuwa na tatizo lingine. Nikisema mengine kikundi kitakufa."

"Kikundi ndicho kisife, watu wafe?"

Akaondoka amenuna. Mimi nikamgeukia mama.

"Wale wamama wengine wenye presha, mama. Wote wanavaa sura yako. Kama wameacha dawa, wameacha kwa sababu yako."

"Nitamwaibishaje mwanangu mbele za watu?"

"Basi tukae tuchague nani aanguke Jumamosi hii."

Nilikuwa mkali, najua. Mama aliinuka. Aliingia chumbani, akafunga mlango.

Jumamosi kaka yuko mbele, spika begani, anaeleza kwa uso wa huzuni kwamba mama mdogo ana matatizo ya ukoo. Ukoo upi, mpumbavu huyu, si ndio wake. Hajamaliza, mama akatokea getini. Amevaa ile fulana. Ana mkoba na chupa ya maji.

Akapita katikati ya mistari mpaka mbele. Akamtoa mwanawe kipaza sauti mkononi, taratibu, kama anavyomtoa mtoto kisu.

"Mimi sijapona," akasema. "Nimetulizwa na hiki."

Akaonyesha kidonge. Akakiweka mdomoni. Akanywa maji, maji meupe ya kawaida, akameza huku wote wanamtazama.

"Mdogo wangu aliniuliza, nikamficha. Leo hawezi kushika sindano. Aliyeacha dawa kwa ajili yangu, leo hii arudi hospitali."

Kaka amesimama mdomo wazi. Mimi nangoja wamama wamrukie, waseme mwongo mkubwa wewe, umetuua.

Hakuna aliyeruka.

Mwalimu mstaafu wa mstari wa mbele, yule anayepiga makofi kwa nguvu kuliko wote, akakohoa.

"Mimi nilidhani niko peke yangu," akasema. "Nameza kabla ya kuja hapa."

Aliye nyuma yake akaingiza mkono kifuani, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Vidonge. "Mimi navifunga humu, mume wangu asije akamwambia kocha."

"Mimi nilimwaga vya zamani mbele ya kamera," akasema muuza duka, "nikaenda kuchukua vingine mchana uleule."

Mwingine. Na mwingine. Mikoba inafunguliwa, pakiti zinatoka. Wote wenye presha kwenye kikundi kile walikuwa wanameza kwa kujificha. Kila mmoja anaona aibu kwamba wenzake wamepona, yeye mwili wake mkaidi. Kila mmoja anapiga makofi ili asijulikane.

Uwanja mzima wa watu wazima, wanadanganyana kwa heshima.

Aliyeacha dawa kweli alikuwa mmoja tu. Yule asiyejua kuzungusha mtu.

Kaka akakaa chini kwenye nyasi. Spika ilikuwa bado inawaka na kile kipaza sauti mama alishakirudisha mapajani mwake, kwa hiyo uwanja wote tulimsikia anavyohema.

Jioni nilikwenda kumwona mama mdogo. Wameshamruhusu, amekaa kitandani kwake, mkono wa kushoto umelala juu ya mto. Cherehani imefunikwa shuka. Bado hawezi kuongoza kitambaa kikanyooka, na wateja nimewaambia wangoje. Nikamsimulia yote, sikubakiza kitu. Nilitegemea alie, au atukane, na angetukana ningemsaidia.

Akacheka, kwa upande ule wa mdomo unaomtii.

"Kwa hiyo darasa zima, mwanafunzi nilikuwa mimi peke yangu?"

"Ni wewe tu."

"Na mwalimu yuko wapi?"

"Yuko nje. Anaona aibu kuingia."

Akafikiri kidogo, huku anakibonyeza kile kiganja cha kushoto kwa vidole vya kulia, kama nesi alivyomfundisha.

"Mwambie aingie," akasema. "Ila filimbi aiache hukohuko nje."

Basi, wewe uliyesoma mpaka hapa. Mazoezi fanya, yanasaidia. Juisi kunywa, hata kama inanuka. Lakini dawa yako usiiache mpaka aliyekuandikia akuambie, na ukiimeza, meza watu wakuone. Unapojificha ili usimuudhi mjuaji wenu wa nyumbani, kuna mtu pembeni anakuangalia na anakuamini kweli. Huyo ndiye atakayeanguka.