Redio Iliyoimba Mapajani

Mteja mgeni akifika kwenye kibanda cha kutengeneza redio, huchungulia nyuma ya kaunta, huangalia kulia, huangalia kushoto, kisha humuuliza mwanamke aliyeinama juu ya meza, "Samahani, fundi yuko wapi?" Naye hujibu bila kuinua macho, "Umeshampata. Sema." Amejibu hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Ungedhani swali lenyewe limekwisha makali. Kila asubuhi linamkwaruza pale pale.

Nyumbani hawamwiti Fundi. Wanamwita Koili, jina alilopewa na baba yake siku alipomkuta, mtoto wa miaka minane, amekaa sakafuni anahesabu kwa ncha ya sindano mizunguko ya waya kwenye koili ya redio mbovu. Alikuwa amefika mia tatu na kitu na hataki kuitwa kula.

Baba huyo alikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa, la milango miwili, usukani mwembamba kama kijiti. Alikuwa pia na watoto wawili waliogombania bisibisi moja mpaka majirani wakajua. Jumamosi moja alichoka, akaweka mpaka. Kila kilichoko chini ya boneti ni cha kaka. Kila kilichoko kwenye dashibodi ni cha Koili. Asiyeridhika aende akafue nguo. Mpaka huo haukuandikwa popote, lakini uliheshimiwa kuliko ukuta wa jirani. Kaka akakua na mikono myeusi kwa oili. Koili akakua ameinama chini ya usukani, miguu nje, kichwa gizani. Akiwa na miaka kumi na mitano aliitengeneza redio ya gari lile peke yake. Kamba inayovuta mshale wa stesheni ilikuwa imekatika, akaweka uzi wa kushonea viatu. Mshale ukatembea. Baba akaendesha siku nzima bila safari yoyote, anabadilisha stesheni tu.

Baba alipofariki, gari lilikwenda kwa kaka. Hakuna aliyeitisha kikao. Funguo zilitoka mfuko wa marehemu zikaingia mfuko wa kaka, kana kwamba mifuko hiyo ilikuwa ya suruali moja. Koili hakudai kitu. Ndani ya gari lile alichohesabu kuwa chake kilikuwa na upana wa kiganja na nusu, katikati ya dashibodi: vifundo viwili, vitufe vitano vilivyogeuka manjano, na kioo chembamba chenye mshale.

Kwa hiyo Jumapili ile kaka aliposema anakwenda kuing'oa redio hiyo, Koili aliweka chini kijiko.

Walikuwa kwa mama yao. Kaka anauza vifaa vya hospitali, hushinda barabarani wiki nzima, na alikuwa na haki yake ya kulalamika. Stesheni ambazo redio ile iliweza kuzishika zilikuwa zimefungwa moja baada ya nyingine, na antena yenyewe ilikatika zamani. Ukiiwasha unasikia mafuta yanakaanga.

"Ijumaa saa mbili asubuhi nipo kwenye duka la mapambo ya magari," kaka alisema. "Wananiwekea skrini."

"Skrini itaingia wapi pale?"

"Watakata. Dashibodi ile ni bati tu, mdogo wangu. Grenda dakika kumi."

"Ukishakata hurudishi."

"Nirudishe nini? Nikasikilize maandazi?"

"Wewe unataka nini hasa?"

"Nataka simu yangu iongee garini. Nisikilize mijadala yangu ya mpira. Basi."

"Niachie gari mpaka Alhamisi. Simu yako itaongea humo humo, kwenye redio ya baba."

Kaka alicheka. "Koili, redio ile imezaliwa kabla yako."

"Hata wewe umezaliwa kabla yangu, na unaongea mpaka tunakuomba unyamaze."

Mama akacheka, na kaka aliyechekwa mbele ya mama yake hukubali haraka. "Alhamisi jioni," alisema. "Wiki hii nitatumia gari la ofisi. Likishindikana, sitaki kilio. Na injini usiguse."

"Nikaguse injini yako ya nini?"

Jumatatu aliitoa redio. Alifanya kama anavyofanya siku zote: kila waya aliuvalisha kipande cha karatasi ya gundi na kukiandika, ili urudi ulikotoka. Kulikuwa na waya mmoja asioukumbuka, umechomelewa kwenye gamba la redio kwa tone kubwa la ovyo. Aliitambua mikono ya baba yake. Akadhani mzee alikuwa anatafuta dawa ya mikwaruzo, akauandika namba nne, akaendelea. Nyuma ya redio, kati ya gamba na bati la dashibodi, kulikuwa na vipande vinne vya mpira wa tairi la baiskeli, vigumu, vimepasuka kama visigino. Navyo alivijua. Baba hakupenda kitu kilie garini. Akavitupa kwenye pipa la taka.

Jumanne ilikuwa siku nzuri, na inafaa isemwe, kwa sababu haikuwa na mwenzake. Alikuwa na kibao cha blututhi, kidogo kama kiberiti, kinachopokea sauti ya simu bila waya. Alikipatia umeme wake mdogo na kukiunganisha kabla ya kifundo cha sauti, ili vikuza sauti vya zamani ndivyo vibebe kazi, na kifundo kile kile cha baba ndicho kiongeze na kupunguza. Ndani ya kifuniko karatasi ya kiwandani ilisema gamba la redio ni upande chanya. Hakuhitaji kuisoma. Magari ya zama zile mengi yalikuwa hivyo: chanya ya betri imefungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Gari la baba alilijua kwa moyo, kama unavyojua ngazi za nyumbani kwenu zilivyo ngapi.

Akaweka betri mezani, akafuata alama, akawasha. Simu ikaimba kwenye redio. Kanuni yake, aliyorithi kwa baba, ni kwamba kitu kikipiga mezani nusu saa bila kukohoa, kifunge, kimepona. Kilipiga saa nzima. Mteja aliyeingia kuulizia fundi yuko wapi alijibiwa kwa tabasamu, akashangaa.

Jumatano asubuhi alikaa kwenye kiti cha dereva, uani kwa mama, redio mapajani juu ya kitambaa. Akaunganisha waya, namba moja kwa namba moja, mbili kwa mbili, mpaka nne. Akazungusha ufunguo. Redio ikaimba mapajani pake, safi. Akazima, akaisukuma mahali pake, akakaza nati mbili za mbele, akazungusha ufunguo.

Tak. Kimya.

Fyuzi imekatika. Akabadilisha, akaitoa redio, akaiweka mapajani. Ikaimba. Akairudisha. Tak.

Basi ni kibao, akasema. Kinabanwa, kinagusa gamba. Akaifungua redio pale pale juu ya boneti, akakifunga kibao utepe mara mbili, akakipa na kipande cha plastiki cha kulalia. Mapajani, nyimbo tatu mfululizo. Ndani ya dashibodi, tak.

Mama alikuwa barazani anashona kifungo. "Imekataa?"

"Haijakataa, mama."

"Mbona umenyamaza nayo inanyamaza?"

Koili alichomoa kibao chote, akarudisha redio tupu kama ilivyokuwa kabla ya Jumatatu. Mapajani ilikaanga mafuta yake vizuri tu. Akaisukuma ndani. Tak. Hapo ndipo alipotaka kulia, maana hata kosa alilokuwa amejipa halikuwa lake. Redio iliyokaa mahali pale miaka nenda miaka rudi sasa haikutaka kukaa, na aliyeitoa ni yeye. Siku nzima aliingia na kutoka. Kiuno kilimuuma, vidole vilikatwa na bati, fyuzi zilikwisha akafuata nyingine, nazo zikakatika. Muuza fyuzi alimuuliza kama amemwita fundi kuangalia.

"Nimemwita," alisema. "Hana maana."

Alhamisi alirudi akiwa amelala vibaya. Kibao alikirudisha mahali pake, kwa kuwa hakikuwa na hatia. Kisha, kwa kukosa la kufanya tu, alichukua mita yake ya kupimia umeme, ile ya mshale, akaweka ncha nyekundu kwenye bati la dashibodi, upande chanya, na nyeusi kwenye waya unaotoka kwenye ufunguo. Hakutarajia jipya. Mshale wa mita uliruka kushoto ukagonga ukingo. Akabadilisha ncha, ukaenda kulia, volti kumi na mbili, umetulia.

Alikaa akiutazama. Bodi ya gari la baba ilikuwa hasi.

Kaka alifika saa tisa, mapema kuliko alivyoahidi, na uso wa mtu aliyekwisha kujua jibu.

"Imeongea?"

"Fungua boneti."

"Tulisema injini hugusi."

"Sigusi. Nataka kuona betri. Fungua boneti, kaka."

Akafungua kwa kulazimishwa, kama mtu anayeombwa kuonyesha chumba chake cha kulala. Waya mnene wa hasi ulikuwa umefungwa kwenye bodi.

"Nani aligeuza hii?"

"Mzee. Mimi na mzee. Tulipoweka altaneta mpya ya kuchaji betri, maana haikubali ule mpango wa zamani. Hukujua?"

"Lini?"

"Ulikuwa chuo. Mwaka wako wa pili."

"Hamkuniambia."

"Kwani betri si huku kwangu?" Alionyesha injini kwa kiganja, hana hila yoyote. "Na redio mzee aliimaliza mwenyewe, jioni moja. Akasema ameivisha viatu."

Vile viatu, vile vipande vya mpira, Koili alikuwa amevitupa mwenyewe. Sasa alivielewa, vyote vinne, na ule waya wa ovyo pia. Bodi ilipogeuka hasi, redio haikuweza kugeuka. Baba akaliletea gamba lake chanya kwa waya wa pekee, kisha akalitenga na bati kwa mpira ili visigusane kamwe. Mapajani havikugusana. Nati zikikazwa, vinagusana, fyuzi inakatika. Siku mbili amekuwa akipigana na kazi iliyofanywa vizuri.

Hilo halikumpoza. Baba huyo alimpigia simu chuoni kila wiki, anamuuliza kwa nini redio ya jikoni inavuma. Mpaka aliuweka yeye, kisha akauvuka siku moja tu, mwenye upande akiwa hayupo, na wala hakukumbuka kumwambia.

"Ningeniuliza Jumatano," kaka alisema, akachanganya maneno kwa aibu. "Yaani, ungeniuliza."

"Nikuulize nini? Ningejuaje kwamba sijui?"

"Mimi nilidhani wewe unajua kila kitu cha humo."

Mama alisema kutoka barazani, uzi mdomoni, "Gari moja, mafundi wawili, na kila mmoja amemnyima mwenzake habari. Saa ngapi jua linazama?"

Kaka alitazama saa. Koili aliomba mpira. Mama aliingia ndani akatoka na kandambili moja ya zamani. "Mwenzake alipotea. Kata."

Akakata vipande vinne vinene, na viwili vya mviringo vya kuzuia nati zisiguse bati. Kaka alishika taa ya simu, akaelekezwa amulike wapi, akamulika kwingine, akasemwa. Saa kumi na moja na nusu nati zilikazwa. Koili alizungusha ufunguo.

Kioo chembamba kiliwaka. Fyuzi ilikaa. Kaka akaunganisha simu yake, na watu wawili wakaanza kubishana kuhusu golikipa, sauti zao nzito kidogo, kama wameketi ndani ya kabati.

"Sauti ya kizee," kaka alisema. Akageuza kifundo, ikapanda. Akageuza tena, ikashuka. Alikaa na mkono pale.

Simu ikaita katikati ya ubishi, na jina la duka la mapambo likatokea kwenye kioo cha simu. Kaka akabonyeza kupokea. Sauti ya kijana wa duka ilitoka kwenye spika ya baba, kubwa, imejaa gari.

"Bosi, vipi, kesho saa mbili tupo pamoja? Kile kifaa cha kukatia nimeshakiandaa."

"Kesho siji," kaka alisema.

"Haloo?"

"Nasema siji. Usikate."

"Haloo, bosi? Sijakata, nipo. Sikusikii."

Kaka aliinamia redio akaikaribia kama anayeongea na mtoto. "Siji kesho."

"Kama unanisikia, bosi, tunakutegemea saa mbili kamili." Simu ikakatika, na golikipa akarudi.

Kaka alimgeukia dada yake polepole. Koili alikuwa ameshafunga macho. Kibao kilikuwa na masikio tu. Kipaza sauti hakikuwamo, na katika siku tatu za kukihangaikia hakuwahi kukifikiria.

"Kinasikia lakini hakisemi," kaka alisema.

"Andika ujumbe."

"Nikiwa barabarani niandike ujumbe?"

"Sasa hivi, kaka. Huyu kijana ameandaa grenda. Andika."

Akaandika kwa kidole kimoja, anasoma kwa sauti kila neno, mama naye akimsahihisha kutoka barazani: kesho siji, usinisubiri, redio iliyopo inatosha. Alisita kwenye neno la mwisho. Akalifuta, akaandika kwa sasa inatosha. Akatuma.

"Kwa sasa," Koili alisema.

"Mpaka iseme." Alishuka, akaanza kukusanya bisibisi zake Koili zilizotapakaa kwenye kiti, akizipanga vibaya. "Hicho kipaza sauti kitakaa wapi?"

"Sijui bado. Huenda waya wake ukapita karibu na injini."

Kaka alisimama na bisibisi mkononi. Aliitazama boneti, iliyokuwa bado wazi, kisha akarudi kuifunga, akaibonyeza kwa viganja viwili mpaka kufuli lake likalia.

"Jumamosi," alisema. "Lakini usije kabla yangu."