Afande Aliyeingia Shambani kwa Mama

Majani mabichi ya maharage yakikanyagwa hutoa harufu kali inayokaba koo. Harufu hiyo ndiyo iliyotuamsha asubuhi moja kule Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Ng'ombe wa Mzee Katungi, mfugaji jirani, walikuwa wameingia shambani kwetu na pembe zao ndefu, wakala karibu kila kitu tulichokuwa tukisubiri kuvuna. Mgeni ni kuku mweupe. Sisi tuliotoka Burundi tulijua kwamba ukigombana na mwenyeji, macho yote hukugeukia wewe. Majirani walimshauri Mama anyamaze. Yeye alikaza kitenge, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja kituo cha polisi cha Base Camp.

Zamu ilikuwa ya Afande Kenganzi, mwanamke mrefu mwenye mwanya, ambaye sisi watoto tulimwogopa kwa sauti yake tu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha polisi wa Uganda, kifupi, kisichojali ngeli. "Mama, hapana lia," alisema. "Shamba iko wapi? Twende naona." Tukarudi naye kwa miguu. Akaingia topeni na viatu vyake vilivyong'aa, kisha akamwita Mzee Katungi naye aingie. Ingawa wote wawili walikuwa Wanyankole, wenyeji wa huko wenye lugha yao, alizungumza naye Kiswahili ili Mama asikie kila neno.

"Afande, ng'ombe hapana jua mpaka," mzee alijitetea.

"Ndiyo. Lakini wewe najua."

Akamtembeza tuta kwa tuta, bila kumfokea, mpaka mzee mwenyewe akainama, akaokota mche uliovunjika na kuutazama kwa muda. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ng'ombe watatu walikuwa wanakamuliwa kwake, na kwamba watoto wa mama huyu wangekunywa maziwa hadi mavuno mengine. Mama, aliyekuja na maneno makali tele kifuani, hakupata pa kuyatumia.

Ndivyo ulivyoanza msimu mtamu kuliko yote niliyowahi kuishi. Kila asubuhi nilikimbia kwa Mzee Katungi, nikarudi na kibuyu cha maziwa yaliyonukia moshi wa nyasi, na wadogo zangu wakanipokea mlangoni wakiimba. Mke wa mzee akaanza kuja kwetu kusuka mikeka na Mama. Afande Kenganzi naye akipita njiani alimwita Mama kwa jina langu, kwa sauti kubwa: "Mama Chantal! Maziwa nakuja?"

Mwaka uliofuata alivua sare akagombea ubunge. Alikuja kutuaga akiwa amevaa gomesi, gauni la heshima la wanawake wa Uganda, na kwa mara ya kwanza nikamwona kuwa mrembo. "Nyinyi hapana kura, najua," alisema. "Lakini siwezi enda bila kuaga." Alipoondoka, Mama alikwenda kwa Mzee Katungi, ambaye kila mtu alijua angempigia kura shemeji yake, aliyegombea kiti hicho hicho.

"Sisi hatuna kura, Mzee. Wewe unayo."

"Huyo mwanamke alinitembeza katika tope!"

"Ndiyo maana nimekuja," Mama akasema. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya ushindi wake tulikuwa mjini Mbarara, katika soko la Kakoba. Bodaboda zilipita zikipiga honi, zimefungwa matawi mabichi, na juu ya pikapu alisimama Afande wetu, sauti imemkauka. Alipomwona Mama katikati ya umati alimnyooshea mikono yote miwili. Mama akapiga vigelegele hata wauza ndizi wakamuuliza kama mshindi ni dada yake. "Ni dada yangu," akajibu.

Leo ninafundisha Mbarara. Afande wetu amekuwa mtu wa taifa. Wapo wanaomsifu na wapo wanaomlaumu, na baadhi ya lawama ni za haki. Cheo ni dhamana, nayo dhamana ni nzito. Nilimwandikia barua mara mbili, mara zote nikajibiwa na katibu wake, kwa Kiingereza kizuri. Sikukasirika. Mtu mmoja akigawiwa nchi nzima, kila mmoja huambulia kipande kidogo. Sisi wa Kashojwa tulimpata mzima.