Maganda ya Ndimu Juu ya Mafiga

Tarehe 9 Agosti 2021, mwalimu mstaafu aitwaye Olga alinikabidhi mfuko mtupu wa karatasi, wa gramu mia mbili, wenye maandishi "Chai nyeusi ya ndimu" na muhuri wa Mei 2009. Alitaka kujua kwa nini chai hiyo haikuonekana tena sokoni baada ya mwezi huo. Mfuko ndio jambo pekee nililoweza kulithibitisha. Mengine yote ni maneno ya watu.

Chai hiyo ilitengenezwa na koperative, yaani chama cha ushirika, ndogo ya vilima vya Masisi, ambayo sasa haipo. Wafanyakazi watano niliowapata walinijibu kwa sauti moja: Benoît Habumugisha, aliyelinda foro, yaani tanuri la kukaushia majani, aliacha moshi ukaingia katika chai. Wanunuzi wakairudisha, Benoît akafukuzwa. Mmoja wa watano hao alikuwa Adelaïde Mukankusi, mkulima wa maharagwe na muhogo huko Kashuga, ambaye siku zile alikausha maganda ya ndimu ya kuchanganya na majani. Alieleza hayo kwa ufupi huku akichambua maharagwe, na hakuinua macho.

Siku mbili baadaye alituma mtu aniite. Aliniomba nifute sauti yake niliyoirekodi. Nilimweleza kwamba katika kazi yetu ya kuhifadhi simulizi za watu ushuhuda haufutwi, ila mwenyewe anaweza kuongeza mwingine. Akanionyesha kichanja cha miti juu ya mafiga yake, palipopangwa mahindi ya mbegu, meusi kwa masizi. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha: kinachokaa juu ya moto hakiliwi na wadudu wala hakioti ukungu. Mei ile mvua haikukatika, na maganda yalianza kuota ukungu ghalani. Akabeba magunia mawili hadi nyumbani, akayaweka juu ya moto majuma matatu.

"Nilifikiri niko nasaidia," alisema. "Mbegu haiharibikaka na moshi. Sikuwaza kama maganda yatakamata harufu."

Chai iliporudi, alielewa kwa kunusa tu. Mkuu wa koperative alimwita Benoît mbele ya wote, naye Adelaïde alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake. Alikuwa na watoto wanne na hakuwa na kazi nyingine. Alinyamaza siku ile, kisha hakupata siku nyingine iliyofaa.

Benoît alikuwa hai, akiishi Kashebere, akiuza chumvi na sabuni kando ya barabara. Nilijitolea kumpelekea sauti iliyorekodiwa. Adelaïde alikataa, alisema atakwenda kwa miguu yake ikibidi. Tulikwenda kwa pikipiki mbili.

Benoît alimpokea vizuri, akamwagiza mke wake, Astrid, alete kiti. Alitania kwamba dada amezeeka kuliko hii barabara. Adelaïde hakucheka.

"Papa Benoît, ile moshi haikutoka ku foro yako. Njo mimi, ni mimi niliileta. Maganda niliyaweka juu ya moto, kwangu ku nyumba."

Benoît aliendelea kupanga vipande vya sabuni mpaka safu ikaisha. Tangu mwaka ule, alinieleza baadaye, watu walimwita Papa Moshi, yaani Baba Moshi. Binti yake aliitwa hivyo hata shuleni, na ndiyo sababu walihamia Kashebere. Yeye mwenyewe alifika mahali akaamini kwamba alisinzia akilinda foro.

"Miaka kumi na mbili niko najiuliza ni saa gani nililala," alisema. "Sikulala?"

"Haukulala, Papa."

Alimwita Astrid, akamtaka Adelaïde arudie maneno yale mbele yake, polepole. Akarudia. Astrid alisikiliza akiwa ameshika kiti mkononi, asikiweke chini.

Ushuhuda wa pili wa Adelaïde umehifadhiwa pamoja na ule wa kwanza, na Olga nimemwandikia jibu lake. Haijulikani ni wanunuzi gani walioirudisha chai, wala ilikuwa mifuko mingapi. Haijulikani pia kama Benoît amesamehe: hakulisema siku ile, na Adelaïde hakuthubutu kumwomba.