Dawa Aliyoipika Mama Chemsha

Tulimwita Mama Chemsha kwa sababu anachemsha kila kitu. Maji ya kunywa, sawa. Lakini vijiko? Taulo za wageni? Wifi yake, anayekaa nyumba ya jirani, alimtania mbele ya watu: "Wifi, ipo siku utamchemsha kaka yangu." Akanuna. Na wifi naye akanuna kwa kununiwa. Mwaka mzima hawasemezani, watu wazima kabisa.

Ng'ombe alikuwa naye mmoja, na ndiye aliyeendesha nyumba. Maziwa yalikwenda kituo cha kukusanyia maziwa kila asubuhi. Mvua zikazidi, pumba zikashika ukungu stoo. Hakuzitupa. Alizichemsha, nini kingine? Sasa elewa: ukungu unakufa, sumu yake inabaki. Ng'ombe anaila, inatokea kwenye maziwa, watoto wanakunywa. Kituo kikapima, kikamwambia wazi: "Mama, yana sumu ya ukungu. Tutapima tena. Yakiwa hivi, hatupokei."

Daktari wa mifugo akaja na pikipiki yake. Akamwambia atupe zile pumba, akamwachia pakiti ya unga. "Hii dawa mchanganyie kwenye chakula. Inaivunja sumu tumboni, kwenye maziwa inapungua." Akapiga kiki, huyo.

Dawa. Neno la kivivu. Ule unga ulikuwa bakteria, wale wazuri, wazima kabisa, ndugu za wanaogandisha maziwa. Na Mama Chemsha anagandisha maziwa tangu yuko kwa mama yake. Anajua ukitia mgando wa jana kwenye maziwa ya moto umeharibu. Angeambiwa "hivi vitu viko hai", angeelewa palepale. Aliambiwa dawa. Basi akanunua pumba nyingine, na msimu ule hata za dukani hazikuwa safi sana, akazipika uji, ule unga wa daktari ndani, ukatokota vizuri, akapoza, akampa ng'ombe. Kila siku, kwa mapenzi yote. Alikuwa anamlisha maiti za bakteria.

Kituoni mpimaji alitazama kipimo, akatazama pembeni.

"Pole, mama."

"Rudia."

"Nimesharudia."

"Lakini nimempa dawa! Sijaruka hata siku moja!"

"Pole sana, mama."

Bila pesa ya kituo, ng'ombe hakulisheka. Mumewe akamuuza.

Hapo ndipo wifi alipokuja. Hakubisha hodi, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akauliza ile dawa alikuwa anaitoaje. Akaambiwa. Akashika kichwa.

"Ukaipika? Wifi! Mimi wangu namnyunyizia juu ya chakula baridi!"

"Kumbe na wewe ulipewa?"

"Zamani. Na maziwa yangu yanapita."

Mama Chemsha akavuta uzi kwenye khanga yake.

"Si ungeniuliza, wifi," mgeni wake akasema.

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Ningekucheka mpaka nikae chini. Halafu ningekwambia."

Mama Chemsha akatikisa kichwa. Banda lilikuwa limeshafagiliwa, kamba imening'inizwa ukutani. Wifi akamshika goti, akaliachia, akalishika tena. Saa ya kukamua ikafika. Wifi akainuka, akasita mlangoni, akaenda kwa ng'ombe wake.