Hirizi kwenye Pikipiki ya Shemeji

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinunua pikipiki kwa Mzungu wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Alitaka kushindana nayo siku ya Idi pale ufukweni Kivinje, maji yakishakupwa na mchanga umekuwa mgumu. Lakini gia zake zilifungwa kwa ajili ya vilima vya Kipatimu: nguvu ilikuwa nayo, mbio haina. Akaniletea mimi, fundi.

Gia ya gurudumu la nyuma niliitoa, nikafunga yangu yenye meno machache, ya mbio. Kwenye kabureta nikaweka jeti yangu ya kupitishia petroli, ambayo tundu lake nililitanua kidogo kidogo kwa sindano iliyonolewa, maana injini ilikuwa inakosa petroli kila ikikimbizwa. Nilijaribu na kufungua plagi mpaka ikaacha kutoka nyeupe, ikatoka rangi ya tende, ndipo nikajua petroli inatosha.

Siku ya Idi alimwacha mbali mtoto wa mwenye duka aliyetoka Lindi na pikipiki mpya. Watu wakambeba juu. Naye akawaonyesha hirizi aliyoifunga kwenye usukani, akawasifia mganga wake wa Somanga. Mimi nilisimama palepale, kanzu yangu ya Idi ina grisi, na hakunitupia hata jicho. Mke wangu naye alikuwa anampigia vigelegele.

Idi iliyofuata akaja tena.

“Shemeji, safari hii nikazie mnyororo tu. Mengine yote hirizi inatosha.”

Nikamwambia sawa. Nikafungua gia yangu, nikafungua na jeti yangu, nikamrudishia zile za Mzungu. Hirizi sikuigusa.