Taa ya Miche na Pumzi ya Shemeji

Ukimwambia Mama Vikopo kwamba jambo haliwezekani, umemkabidhi kazi. Waliomzoea huchagua maneno. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, hakuwahi kumzoea. Mtaani anaitwa Mjuaji, na hakuonewa kupewa jina hilo: ukitaja figo yeye ni daktari, ukitaja paa yeye ni fundi, na ukitaja kifo atakueleza kaburi lielekee wapi.

Asubuhi moja Mjuaji aliingia chumba cha nyuma cha nyumba yao ya ukoo bila hodi, tepu ya kupimia mkononi, akaanza kupima ukuta hadi ukuta.

"Unapima nini, shemeji?"

"Tairi zangu. Kumi na mbili zitaenea humu, na jeki juu yake."

"Na miche yangu itaenea wapi? Kichwani kwako?"

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Mama Vikopo alikuwa fundi cherehani miaka ishirini na miwili. Macho yalipoanza kugoma kutunga uzi kwenye sindano, aliiacha cherehani kabla cherehani haijamwacha yeye. Chumba hicho cha nyuma mumewe alimwambia ni chake cha kazi, sasa na baadaye, na baadaye ndiyo ilikuwa imefika. Akapigilia rafu za mbao, akapanga vikopo vya maziwa vilivyotobolewa chini, akaotesha nyanya, pilipili hoho na mabiringanya. Watu wa bustani walimjua. Dirisha lilielekea mashariki, na jua la asubuhi lilikuwa likiingia kama mtu wa nyumbani.

Kisha jirani akajenga ghorofa. Tofali kwa tofali, ukuta ukapanda mpaka dirisha la Mama Vikopo likabaki likitazama saruji. Ukinyoosha mkono nje, unaupapasa ukuta wa watu. Uani nako ni karo na kamba za nguo, na kijua kinachofika huko ni cha kuonja tu. Miche ikaanza kuhangaika kutafuta mwanga. Ikarefuka shingo, ikawa myembamba na myeupe kama uzi.

Mjuaji alikunja tepu yake, akainama mbele ya rafu, akavuta pumzi na kupuliza. Puuu! Kama mtu anayezima mshumaa. Rafu nzima ikalala.

"Umeona?" alisema, akijifuta mdomo. "Mmea bila jua ni maiti inayosubiri jeneza. Toa hivyo vikopo, shemeji, tusidanganyane. Haiwezekani."

Mama Vikopo aliitazama miche yake iliyolala. Katika miaka yote ya kushona amewahi kukosolewa pindo, amewahi kutukanwa kwa kola iliyokaa upande. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuipulizia kazi yake.

"Nipe siku arobaini," alisema.

"Arobaini?"

"Kama za mwizi. Siku ya arobaini uje upulize tena. Miche ikilala, nitatoa vikopo kwa mikono yangu na ufunguo nitakupa. Isipolala, neno tairi usilitamke tena mbele ya mlango huu."

"Nani shahidi?"

"Mimi hapa!" ilijibu sauti kutoka uani. Alikuwa wifi yake, dada wa Mjuaji, akianika nguo na masikio ameyaacha humo chumbani. "Nimesikia yote, na kalenda naitia alama sasa hivi."

Mama Vikopo hakuahidi kwa kubahatisha. Mteja wake mmoja, muuguzi anayekaa chumba kisicho na dirisha la maana, alishamwambia kwamba yeye huotesha mboga chini ya taa za LED, na zinakua. Basi siku ileile akaenda duka la taa.

Mwenye duka alikuwa na ulimi unaoteleza. Kabla mama hajamaliza salamu, boksi lilikuwa juu ya kaunta. Lilichorwa nyanya kubwa kama mpira wa miguu, na chini yake tarakimu nene: wati elfu moja.

"Mama, hii ndiyo yenyewe. Taa ya mimea. Ukiwasha hii, jua litakuonea wivu."

Mama Vikopo akainunua. Na mimi simsingizii, alidanganyika kama mtu yeyote anayefuata picha ya boksi.

Taa ilikuwa ya zambarau. Alipoiwasha, chumba kikageuka ukumbi wa dansi. Wifi alichungulia akashika kiuno.

"Wifi, kiingilio shilingi ngapi?"

"Wewe bure. Kaka yako ndiye atakayelipa."

Chini ya mwanga ule majani yote yalionekana meusi na manene, na Mama Vikopo akaridhika. Alimwagilia kila asubuhi, akamwagilia na jioni, kwa furaha. Siku ya tisa alichukua kikopo kimoja akatoka nacho mlango wa mbele ili akimwage kitakataka kilichonasa juu ya udongo. Jua likapiga jani moja.

Lilikuwa la njano. Si njano ya kuanza, ni njano ya kuaga dunia, na shina bado refu na legevu vilevile. Akaingia ndani akachukua kikopo cha pili, cha tatu, cha nne. Vyote vilikuwa vimelewa maji, na yeye chini ya zambarau hakuona kitu.

Alisimama pale mlangoni kama aliyepigwa kofi na mtu anayemjua. Maana ni yeye, miaka ishirini na miwili, aliyewaambia wateja wake: "Kitambaa hakichaguliwi chini ya taa ya duka. Kitoe mlangoni ukione kwa jua." Aliwaokoa mabwana harusi wasiondoke na suti za bluu zinazogeuka nyeusi juani. Leo kwenye jani, sheria yake mwenyewe ameisahau.

"Mjinga wewe," alijiambia kwa sauti. Kisha akang'oa miche yote iliyooza, akapanda mbegu mpya mchana uleule, akairudisha taa kwenye boksi lake. Mkobani akatia tepu yake ya kushonea na viraka vitatu vya kitambaa cha kijani. Siku zilizobaki zilikuwa thelathini na moja.

Mwenye duka alipoliona boksi, alikinyooshea kidole kibao kilichotundikwa ukutani: MALI IKIUZWA HAIRUDI.

"Nimesoma," alisema Mama Vikopo. "Sijairudisha. Nimekuja kuiuliza maswali. Iwashe."

Dukani kulikuwa na fundi rangi aliyefuata balbu, ndoo yake miguuni. Akasogea. Taa ikawaka, na Mama Vikopo akatandaza viraka vyake vitatu chini yake.

"Niambie, kijani kipi kati ya hivi kinaelekea njano?"

Mwenye duka aliinama, akainuka, akainama tena. "Hiki cha katikati."

Mama Vikopo akavibeba mpaka mlangoni. Cha katikati kilikuwa kijani kibichi kabisa, na cha njano kilikuwa cha pembeni. Fundi rangi akacheka mpaka akakalia ndoo.

"Mimi nikichanganya rangi chini ya hiyo," alisema, "mteja atanifunga!"

"Lakini mama," alijitetea mwenye duka, "mmea hauna macho. Unakula mwanga tu. Zambarau inaotesha."

"Huenda inaotesha. Lakini anayelinda miche ni mimi, na mimi nina macho, nawe umeniuzia upofu." Akaigeuza taa mgongo, akasogeza pua mpaka kwenye kibandiko kidogo, herufi kama mayai ya chawa. "Na hapa pameandikwa wati mia moja. Boksi linasema elfu. Hii sifuri ilishuka kituo gani?"

"Hiyo elfu, mama, maana yake inalingana na..."

"Inalingana na nani? Mimi nikipima kiuno inchi arobaini, suruali ikatoka inchi nne, mteja ataivaa wapi? Kidoleni?"

Wateja walikuwa wamefika watano, na hakuna aliyekuwa akinunua. Mwenye duka aliona hasara inavyokusanyika mlangoni, akashusha sauti.

"Basi mama yangu, unataka nini?"

"Washa hizo nyeupe. Moja moja."

Akamtaka aweke karatasi nyeupe juu ya kaunta, na kila taa aishike juu yake kwa inchi zilezile alizopima kwa tepu. Yeye akaweka kiganja katikati na kutazama kivuli. Taa ya kwanza ilitoa kivuli cha ukungu, vidole vimeyeyuka. "Hiyo ya kusomea barua ya mapenzi. Weka kando." Ya pili afadhali kidogo. Ya tatu ilitoa kivuli kimekatwa pembeni kama kwa mkasi, kila kidole peke yake. Akaweka mgongo wa mkono karibu nayo, akasikia uvuguvugu, si moto wa kuunguza jani. Akavitandaza viraka: njano ikajulikana kuwa njano. Akageuza, akasoma kibandiko, akalinganisha na boksi. Vyote viwili vilisema neno moja.

"Hii. Na mwenzake."

"Mbili kwa ile moja?"

"Ile si ilijiita elfu? Uliniuzia kwa bei ya jina lake."

Fundi rangi akapiga kofi moja. Mwenye duka akazifunga zote mbili.

Nyumbani alizining'iniza kwa minyororo myembamba, ili azishushe miche ikiwa midogo na kuzipandisha ikikua. Hakuziweka juu darini kama ile ya zambarau. Zilikaa inchi kumi tu juu ya majani, na kila Jumapili alipima upya kwa tepu. Dirisha lililotazama saruji alilifunika kwa kitambaa cheupe cha bitana, na kingine akakizungusha rafuni, mwanga usipotee bure ukutani. Aliwasha alfajiri, akazima wakati wa chakula cha usiku, maana mmea nao hulala. Kabla ya kumwagilia alichomeka kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, alikwenda zake. Na kila asubuhi kikopo kimoja kilitoka mlangoni kukaguliwa kwa jua.

Jambo moja lilimshangaza wifi. Asubuhi na jioni Mama Vikopo alipitisha kipande cha kitambaa juu ya vichwa vya miche, taratibu, mbele na nyuma.

"Wifi, unaipangusa vumbi?"

"Naizoesha. Anakuja kaka yako na mapafu yake."

Miche ikatoka mifupi, minene, imejishika. Siku ya thelathini na nane Mjuaji akaleta tairi zote kumi na mbili akazipanga koridoni, "ili tusichelewe." Usiku huo Mama Vikopo akajigonga kidole cha mguu kwenye tairi ya kwanza. Asubuhi akamwambia tu: "Panga, shemeji. Hata mgeni asiyealikwa huanzia mlangoni."

Siku ya arobaini ilipofika, Mjuaji aliingia akikohoa kikubwa. Wifi alikuwa nyuma yake na kalenda kwapani. Miche ilikuwa vikopo mia na ishirini. Mjuaji akainama, akapuliza. Puuu!

Miche ikainama, ikarudi.

Akapuliza tena, safari hii kutoka tumboni. Ikainama, ikarudi. Akavua koti. Akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Shemeji," alisema Mama Vikopo, "unapuliza miche au unajaza tairi?"

Mjuaji akapaliwa, akakohoa, akaishika rafu asidondoke. Macho yakiwa na machozi akaona kitu pembeni, akakinyooshea kidole kwa furaha.

"Huu! Huu umelala!"

Kweli, mmoja wa mwisho kabisa ulikuwa umelala. Mama Vikopo akauangalia bila kubabaika.

"Mmoja kati ya mia na ishirini. Hata ukoo wetu unaye mmoja."

Wifi akacheka mpaka kalenda ikamponyoka.

"Aa, lakini hili si jua," Mjuaji akabisha. "Chini ya taa kila kitu kinapendeza. Tulikubaliana jua."

"Tulikubaliana pumzi. Lakini hilo la taa umesema kweli, na hujui ulivyosema kweli. Chagua kikopo chochote, kitoe mlangoni."

Alichagua kwa muda mrefu, kama anayetafuta embe bovu kwenye tenga. Akatoka nacho. Jua likakimulika kile kimche, kijani cha kushiba, shina nene, majani yametandazwa kama mikono. Mjuaji akakigeuza huku na huku akitafuta kasoro. Mwanamke aliyekuwa akipita njia akasimama.

"Mzee, mche mzuri huo! Mmeuotesha wapi?"

Na Mjuaji, Mungu amjalie, akasafisha koo.

"Ndani, mama. Siri yake ni mwanga mweupe. Hii zambarau ni utapeli, usikubali. Na usisome boksi, soma kibandiko cha nyuma..."

"Shemeji!" Mama Vikopo aliita kutoka koridoni. "Ukimaliza kutoa somo, tairi zako ziko njiani. Kitakachobaki hapa mpaka jioni nitakijaza udongo na kukipanda mabiringanya."

Sasa Mjuaji alimjua vya kutosha kuona kwamba hatanii. Tairi zikaviringishwa nje, moja moja, safari kumi na mbili, wifi akihesabu kwa sauti. Mama Vikopo alisimama kuushikilia mlango usijifunge, mkono mmoja kwenye kitasa, na mwingine mfukoni, juu ya ufunguo.